Wasifu wa Mama Dirisha, Karani Aliyewafutia Watoto Malipo ya Dirishani

Mama Dirisha, binti wa fundi viatu wa barabara ya stesheni, mjukuu wa mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa na kuigombeza nusu nyingine kwa kuchelewa kumwita. Mke wa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Mama wa watatu. Karani wa dirisha namba mbili la hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Mwanamke aliyesimama mbele ya mkutano wa mfuko wa afya mara kumi na saba, akakataliwa mara kumi na moja, na akanuna mara moja tu, mwaka 1994, tena kwa sababu ya maana. Huyo ndiye tunayemsindikiza leo. Maneno haya yameandikwa na dada yake mkubwa, aliyemjua tangu siku ya kwanza na ambaye kumbukumbu yake bado iko salama, wanaobisha wabishe.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la viatu la baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Siku hiyo dukani alikuwepo mteja anasubiri viatu vyake vya harusi. Baba aliingia ndani, akatazama, akatoka akifuta jasho. Mteja akauliza, "Vipi, fundi?" Baba akajibu, "Msichana. Na viatu vyako bado." Yule bwana aliolewa na viatu vya kuazima, ndivyo alivyokuwa akijitania mwenyewe, na hakuacha kuisimulia habari hiyo mpaka alipozeeka.

Marehemu alikulia chini ya meza ya baba yake, kati ya soli na misumari. Alipofika miaka sita alikuwa ndiye anayewarudishia wateja viatu vyao. Hakuwahi kumpa mtu kiatu cha mwingine. Alikuwa akimtazama mteja miguuni kwanza, halafu usoni, halafu anaenda kuchukua. Baba alisema mtoto huyu hahitaji kuandikiwa chochote, mtu akishampita mara moja amekwisha kuingia kichwani.

Alianza shule mwaka 1958. Mwalimu wa hesabu alimpenda na kumwogopa kwa kiasi hichohicho. Siku moja aliwapa swali: watu kumi wanachimba shimo kwa siku sita, je, watu watano watachimba kwa siku ngapi? Marehemu akanyoosha kidole.

"Na mmoja akiugua, mwalimu?"

"Hawaugui. Hii ni hesabu."

"Basi hao si watu."

Alichapwa viboko viwili, na jibu akalipata sawasawa vilevile. Alimaliza darasa la saba mwaka 1964, kisha sekondari mwaka 1968. Ada ya sekondari ilikuwa ya mtoto mmoja. Dada yake alikuwa amekwisha kuishia la saba, akaingia dukani kushona soli ili mdogo wake asonge mbele. Jambo hilo halikujutiwa jana wala leo. Baada ya kukaa nyumbani na kufanya vibarua, marehemu alisomea uchapaji na utunzaji wa vitabu mwaka 1973, akatoka wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mkuu wa chuo, tuyaache hayo.

Tarehe 1 Juni 1974 aliajiriwa hospitalini, akawekwa dirisha namba mbili. Dirisha namba moja lilikuwa la wasio na kadi. Namba mbili lilikuwa la watu wa mfuko wa afya wa kiwanda cha nguo. Kwa vijana wasiojua mambo yalivyokuwa, ni vizuri lielezwe. Kila mfanyakazi wa kiwandani alikatwa kidogo kwenye mshahara wake, akapewa kadi yake, ya mwenzi wake na za watoto wao. Lakini kadi peke yake haikukufikisha kwa daktari. Siku ya kuugua ulipaswa kuongeza fungu lako palepale dirishani: la kumwona daktari, la kupimwa, la dawa. Kwenye karatasi za mfuko liliitwa mchango wa mgonjwa. Watu waliliita "ya dirishani". Asiyekuwa nayo aliacha kadi kwa karani, akaenda kuitafuta. Kadi zilizoachwa zilikaa katika kopo la biskuti, chini ya kaunta, karibu na mguu wa marehemu.

Alikuwa mkali, hakuna haja ya kumpaka mafuta leo kwa kuwa amelala. Mwezi wa tatu tu wa kazi alikuja fundi mitambo kijana, kidole kimebanwa na mashine, damu inadondoka sakafuni.

"Kadi?" akauliza marehemu.

"Kadi iko kwenye suruali nyingine, dada."

"Basi kalete suruali."

Muuguzi alimpitisha kwa nyuma. Jioni yule fundi alirudi, kidole kimefungwa, suruali imekunjwa vizuri mkononi, kadi ndani ya mfuko. Akaiweka suruali yote juu ya kaunta, akasema, "Nimeileta kama ulivyoagiza." Foleni nzima ilicheka. Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1976, na mpaka bwana huyo alipofariki mwaka 2011, kila walipotofautiana yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Haya, niende nikalete suruali?" na ugomvi ukaishia hapo. Mungu aliwajalia watoto watatu, mwaka 1977, 1980 na 1984. Nyumbani marehemu alikuwa mpole kuliko dirishani. Alikuwa hajui kuimba na aliimba kila siku.

Sasa tufike mwaka 1987, kwani bila mwaka huo mengine hayaelezeki. Jirani yake, mama aliyekuwa akifanya kazi ya kusokota nyuzi kiwandani, alimleta mwanawe wa miaka sita anaumwa sikio. Kadi alikuwa nayo. Ya dirishani hakuwa nayo, mshahara ulikuwa bado. Akaacha kadi, akasema, "Naenda kuleta, mama." Marehemu akaiweka kadi kwenye kopo, maana ndivyo kanuni ilivyosema. Siku kumi na moja kadi ile ilikaa mle. Jioni wanawake hawa wawili walikuwa wakisalimiana kwenye kamba ya nguo. Mama mtoto akiulizwa hali, anasema, "Anaendelea, nimemwekea mafuta ya moto." Aliona aibu. Marehemu naye alidhani mwenye mtoto ndiye anayejua. Mshahara ulipotoka daktari akamtazama mtoto, akasema wamechelewa. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Mtoto yule leo ni fundi wa kuchomelea vyuma, amekuja, na atakayetaka kumpa pole azungumze upande wa kulia. Hana kinyongo. Lakini marehemu hakujisamehe. Alimwambia dada yake, "Ningekuwa nimekosea, ningetubu. Sikukosea. Nilifanya kila kitu kama kilivyoandikwa, na mtoto amekuwa kiziwi."

Kuanzia hapo alifanya jambo ambalo lazima lisemwe ukweli wake. Watoto waliokuja bila ya dirishani aliwagongea mhuri wa IMELIPWA, akawapitisha. Aliweza kufidia kidogo mfukoni mwake, mengine hakuweza. Mambo yakaenda hivyo miezi minane. Aliyemkamata ni mhuri wenyewe. Mhuri wa tarehe ulikuwa na gurudumu la kuzungushwa kila asubuhi, na marehemu, aliyekuwa hakosei, alikuwa na haraka ya kuwapitisha watoto mapema kabla msimamizi hajafika. Watoto kumi na wanne wa Ijumaa aliwagongea tarehe ya Alhamisi. Mweka hazina wa mfuko alipokagua, akaona Alhamisi ile watoto wamefurika na fedha haionekani.

Mweka hazina huyo ndiye bwana ambaye sote twamwita Kofia, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila kofia, ofisini wala msibani. Alikuja dirishani na zile fomu.

"Mama, Alhamisi ulilewa?"

"Ijumaa niliharakisha, bwana. Alhamisi sina kosa."

"Kwa hiyo unakiri?"

"Nakiri tarehe."

Alisimamishwa kazi miezi miwili bila mshahara. Alirudi tarehe 3 Oktoba 1988, akanawa, akazungusha gurudumu la mhuri, akaketi. Hakudanganya tena. Alisema udanganyifu unawasaidia kumi na wanne, na yeye alikuwa anawataka wote.

Mfuko ule ulikuwa mali ya wanachama, na kila Septemba walikutana katika bwalo la chakula la kiwanda. Kwa kadi ya mumewe, marehemu alikuwa mwanachama, na mwaka 1989 alisimama kwa mara ya kwanza. Aliomba jambo moja: watoto na vijana wa wanachama, mpaka wafikishe miaka ishirini na mitano, wasidaiwe chochote dirishani. Si kwa daktari, si kwa vipimo, si kwa dawa, si kwa kitanda.

Watu waliguna. "Ishirini na mitano? Hao si wana ndevu?"

"Wenye ndevu ndio hawarudi kabisa," marehemu akawajibu. "Mtoto mdogo mama yake atahangaika. Kijana wa miaka ishirini, kibarua cha kwanza, anaacha kadi kwangu, anakwenda kulala nayo maumivu yake. Hamwambii mtu."

Kofia akasimama na karatasi zake. Alisema wakiondoa mchango, kila atakayepiga chafya ataletwa hospitali, mfuko utakauka kwa mwaka mmoja, na kijana akiumwa kweli atalipa. Mikono ikanyooshwa, marehemu akashindwa. Mwaka uliofuata akarudi, akashindwa. Ikawa kama desturi. Watu walikuwa wakitaniana kwenye foleni ya chai, "Bado ajenda ya Mama Dirisha, halafu twende nyumbani." Mwaka 1994 mwenyekiti aliiondoa ajenda yake kabisa ili mpira wa redioni usiwapite. Hapo ndipo aliponuna. Alinuna siku tatu, mumewe akapika.

Lililotokea mwaka 2000 lilikuwa siri kwa muda mrefu, na leo linasemwa kwa ruhusa ya Kofia mwenyewe. Wiki mbili kabla ya mkutano, marehemu alikwenda nyumbani kwa Kofia mchana, bahasha mkononi. Ndani ya bahasha ilikuwemo kadi ya mwanawe Kofia, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akijifunza ufundi umeme. Ilikuwa kwenye kopo siku kumi na tisa.

Kofia aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Kwa nini hakuniambia?"

"Anaishi kwa baba anayesema kijana akiumwa kweli atalipa. Angekuambia nini?"

"Anaumwa nini?"

"Mimi ni karani. Muulize mwanao."

Kisha akamwambia maneno ambayo Kofia hakuyasahau: "Kadi hii sitaitaja mkutanoni, wala hata mume wangu sitamwambia. Hii ni ya kwako. Ila miaka ishirini na mitano sipunguzi."

Kijana alipelekwa hospitali jioni ileile. Vidonda vya tumbo vilikuwa vimeanza kuvuja damu. Alilazwa siku sita, akapona, na sasa ana watoto wanne na tumbo kubwa kuliko la baba yake.

Jumamosi tarehe 23 Septemba 2000 mkutano ulikaa. Marehemu alieleza ombi lake, kwa ufupi kuliko kawaida yake. Kofia akasimama, na watu wakaanza kukusanya vitu vyao, kwa kuwa walijua atasema nini. Hakuvua kofia, msitegemee makubwa. Alisema, "Miaka yote hii nimewahesabu wanaokuja dirishani. Sijawahi kuwahesabu wanaobaki nyumbani. Hesabu yangu ilikuwa nusu." Kisha akaweka masharti, maana naye ni mtu wa masharti: makato ya kila mwezi yaongezwe kidogo kwa wote, na kanuni mpya ipigiwe kura upya kila baada ya miaka minne. Waliokubali walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Waliokataa mia moja themanini na tisa. Marehemu alikaa chini akasahau kwamba kiti alikuwa amekisukuma nyuma. Alianguka mbele ya mia nne na watatu, akacheka mpaka akainuliwa.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2001, mtoto na kijana wa mwanachama anaonyesha kadi, anapita. Mwezi wa kwanza walijaa mpaka nje. Kofia alikuwa akija kuchungulia.

"Wamejaa?"

"Wamejaa."

"Wanaumwa kweli?"

"Wanaumwa kidogo. Wamewahi."

Mfuko haukukauka. Ulitetereka mwaka wa pili, ukakaa sawa, na waliolazwa kwa maradhi yaliyocheleweshwa wakapungua mwaka hadi mwaka. Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2005. Kabla na baada ya hapo, kila mwaka wa kura, 2004, 2008, 2012, 2016 na 2020, alivaa gauni lake la buluu, akaenda bwaloni, akasimama, na kanuni ikapita. Katikati ya miaka hiyo alilima mchicha nyuma ya nyumba, akawafundisha wajukuu kusoma saa, na akazozana na redio.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2022. Miguu ilivimba, ngazi zikamshinda. Alihudhuria kliniki katika hospitali ileile, kwenye dirisha lilelile, na ya dirishani aliilipa kwa kuwa yeye hakuwa kijana. Karani wa sasa, binti mwenye adabu, alimgongea risiti siku moja. Marehemu akaivuta karibu na macho. "Mwanangu, tarehe yako ni ya jana. Zungusha, utakuja kunikumbuka." Alilazwa tarehe 22 Julai mwaka huu wa 2024. Watoto wake walipokezana kitandani, na wauguzi walimhudumia kama mama yao. Familia inawashukuru sana, na daktari wake pia, aliyevumilia kuulizwa kila siku kama amekunywa chai. Alifariki Jumamosi tarehe 3 Agosti, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake.

Ameacha watoto watatu: binti dereva wa malori, mwana mwalimu, na kitindamimba mwoka mikate. Ameacha wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja aliyezaliwa mwezi Mei, dada mmoja na kaka mmoja, na majirani ambao hakuwahi kuwahesabu kama watu baki. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pa utulivu, na foleni ya huko iwe fupi.

Limebaki neno moja. Marehemu aliagiza lisomwe mwisho kabisa, baada ya jamaa kutajwa, wakati watu wote wangali wamekaa na hakuna anayeweza kutoka bila kuonekana.

Alhamisi tarehe 1 Agosti, mchana, Kofia alikwenda kumjulia hali. Ana miaka themanini na minne, anatembelea mkongojo. Alikuta marehemu ameegemezwa mito mitatu, pumzi fupi, akili kamili. Dada yake alikuwa kwenye kiti cha pembeni, na masikio yake hayana tatizo. Kofia ndiye aliyeleta habari: kamati mpya ya mfuko inataka Septemba hii malipo ya dirishani yarudishwe kwa wote waliopita miaka kumi na minane. Wanasema vijana wa siku hizi wana simu kubwa, wa kulipa ni hao.

Marehemu akajiinua kidogo kwenye mito. "Mwaka huu sifiki," akasema. "Utasimama wewe."

"Mimi? Mimi niliyekupinga miaka yote ile?"

"Mimi wamenizoea. Nikisimama wanatafuta chai. Wewe ukisimama upande huu, watataka kujua ulipatwa na nini."

"Mama, mimi mzee. Sauti yenyewe haipo."

"Watanyamaza wakusikie."

Kofia akatazama chini, akashika mkongojo kwa mikono miwili. Akauliza kwa sauti ndogo kama mwanafunzi, "Sasa niwaambie nini?"

Marehemu akamrekebishia kola ya shati, kama amwandaavyo mtu anayetoka.

"Tarehe 21 Septemba, saa tatu asubuhi, bwaloni. Anza na mwanao. Hesabu zifuate baadaye."